Kumkimbia Mkwe Mbele ya Wageni

Miaka ile ya dhiki, mjini Musoma hapakuwa na mtu aliyejua kutembeza wageni kama Nyamhanga Wambura. Na tuseme ukweli tangu mwanzo: kipaji chake hakikuwa kuonyesha, kilikuwa kutoonyesha. Alikuwa mtumishi wa ofisi moja ya serikali ambayo hata waliokuwa ndani yake hawakujua vizuri inafanya nini, ila ujumbe ukija kutoka nchi rafiki, ofisi ilizinduka, Nyamhanga akafunga tai na kutangulia mbele. Asubuhi na mapema alikuwa ameshazunguka mjini kujua sukari imeshushwa duka gani, maana penye sukari ndipo patakapokuwa na foleni, na penye foleni yeye na wageni wake hawakupita. Mgeni akiuliza kwa nini rafu za duka ni mbao tupu, Nyamhanga alijibu kwa upole kwamba leo wanahesabu mali. Lilikuwa jibu zuri, kwa kuwa mali yenyewe ilihesabika upesi.

Siku moja tu alibanwa. Alikata kona akakutana uso kwa uso na akina mama waliojipanga kusubiri sabuni, na mgeni akauliza wale ni akina nani. "Kwaya," akasema Nyamhanga. Mgeni akaomba waimbe. Akina mama walipoambiwa kwamba wakiimba vizuri huenda sabuni ikatoka haraka, waliimba mpaka mgeni akatoa leso. Kwa kisa hicho Nyamhanga alipata jina ofisini, na kwa muda mrefu aliamini kwamba hakuna jambo duniani lisiloweza kukwepwa kwa kupita njia nyingine.

Halafu ikaja ruksa, kila mtu akaachiwa kuuza na kununua apendavyo. Sukari ikarudi, sabuni ikarudi, mitumba ikamwagwa chini mpaka watu wakawa wanaichagua kwa mguu. Foleni zikaisha, na foleni zilipoisha, serikali ikakumbuka kwamba ina watumishi wengi kuliko kazi. Mahali pasipo na cha kuficha hapahitaji mfichaji. Nyamhanga akapunguzwa kazi, akarudi nyumbani na tai yake mfukoni. Alibakiwa na mambo mawili: kupata kazi nyingine mjini, au kurudi kwao Buswahili, upande wa Butiama, akalime mihogo chini ya macho ya kaka yake, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimwomba Mungu aishi mpaka aione siku hiyo.

Kazi ilikuwepo moja tu iliyomfaa, nayo ilikuwa mkononi mwa Masatu. Masatu huyu, wakati wa dhiki, aliwahi kulala mahabusu kwa ajili ya katoni za sabuni, akaitwa mlanguzi na adui wa wananchi. Sasa alikuwa na nyumba ya wageni karibu na ziwa, na kwenye harambee za kanisa alikalishwa meza kuu. Sabuni ni ile ile na katoni ni zile zile. Kilichobadilika ni jina la mwenye katoni. Zamani alimwita Nyamhanga "Ndugu Afisa" huku akitetemeka. Siku hizi Nyamhanga ndiye aliyemwita "Bosi", na wala hakutetemeka, alizoea baada ya wiki moja.

Wazungu waliotoka kuangalia wanyama Serengeti walipitia Bunda, wakapanda Butiama, kisha wakalala kwa Masatu. Asubuhi waliamka wakakaa kibarazani wakilitazama ziwa mpaka saa ya chakula. Masatu aliona hiyo ni hasara. Akaenda semina Arusha, akarudi anajua kila kosa linalofanywa na watembeza wageni mjini, kana kwamba ameyafanya yote mwenyewe.

"Nyie mnaongeaga sana," alimwambia Nyamhanga. "Mgeni yuko likizo, wewe unamsomea risala. Halafu mnatanguliaga mbele mbio mbio kama mnawahi maziko, mtu mwenye goti bovu mnamwacha Nyasho, nyie mshafika Mukendo. Mnampelekaga mgeni duka la shemeji. Njia hamuipiti kabla, mnafika mnakuta mtaro umefukuliwa. Mkiulizwa msichokijua, mnatunga. Lakini kosa lililo baba yao, mnafichaga. Mgeni akishanusa kuna kitu unamficha, hata umuonyeshe ziwa lote, atataka hicho hicho."

"Nimekuelewa, Bosi."

"Jumamosi kuna Wadenishi, walimu wastaafu. Utawatembeza, na mimi nitakuwa nyuma yao. Ukiharibu, kazi nampa mpwa wangu Keraryo."

Nyamhanga alitoka pale roho iko mkononi. Makosa yale yote aliweza kuyaepuka. Angepunguza maneno, angetembea taratibu, na shemeji mwenye duka hakuwa naye. Tatizo lake lilikuwa moja, na halikufundishwa Arusha. Mama mkwe wake alikuwa ameingia mjini.

Mama huyo aliitwa Eufrasia, mjane wa Guta, kule Bunda. Maisha yake yote alilima, lakini ruksa ilipofika Guta ilimkuta amechoka na jembe. Akahamia kwa dada yake Nyasho, akanunua karai, akaanza kukaanga mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki kiwandani baada ya minofu kukatwa na kupelekwa Ulaya. Alikuwa na mkono mzuri wa kukaanga, watu wakamjua, na leo alionekana hapa, kesho pale, kutegemea mgambo wamewafukuza wapi.

Sasa kwa desturi ya pande zao, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai kiti kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini na kugeuzia uso pembeni mpaka mwenzake apite. Si kwa chuki, la hasha. Ni heshima, na ni heshima ya juu kabisa: yule aliyekuzalia mke humtazami kama unavyotazama watu wengine. Na katika heshima hiyo Nyamhanga alisifika mpaka Guta. Aliwahi kunyeshewa nusu siku ndani ya shamba la mtama kwa sababu mama mkwe wake alikuwa amesimama njiani akiongea na katekista. Petronila, mkewe, aliwasimulia wenzake wa jumuiya habari hiyo kwa fahari, kama wengine wanavyosimulia mume aliyejenga nyumba ya bati.

"Mama Kasmiri," Nyamhanga alimwambia mkewe usiku huo, "Jumamosi mama atakaa wapi?"

"Anakaaga Mwigobero."

"Mwigobero lazima nipite, Bosi anataka wageni waone mialo ya mitumbwi ya samaki. Mwambie anisaidie."

Petronila akaenda, akarudi na jibu zuri. Mama amesema mkwe wake asiwe na wasiwasi, Jumamosi atakaa stendi. Nyamhanga akaifuta stendi kwenye safari yake, akashukuru Mungu kwa kumpa mkwe muungwana.

Jumamosi ilianza vizuri. Wadenishi walikuwa watu wazima wenye kofia pana na magoti ya tahadhari, wakiongozwa na mama mmoja mrefu aliyeitwa Inga, ambaye aliuliza kila kitu na kusubiri jibu. Nyamhanga alitembea taratibu. Aliongea kidogo. Alipoulizwa ule mti wenye maua ya njano unaitwaje, alisema hajui, na huko nyuma akamwona Masatu akitikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuna kitu kilichowahi kumgharimu kama kusema "sijui" mbele ya mgeni, lakini alisema.

Kumbe asubuhi hiyo hiyo mgambo walikuwa wamepiga mluzi stendi. Akina mama wakatawanyika na makarai yao, na Eufrasia, kwa kuwa anajua mkwe wake atakuwa Mwigobero, akaona mahali salama ni mtaa wa Mukendo.

Nyamhanga alikuwa anawaonyesha wageni vibaraza vya maduka ya zamani ya Wahindi alipoliona karai. Akakiona na kitenge. "Tupite huku," akasema, "kuna kivuli," akawaingiza wageni kwenye kichochoro ambacho hakikuwa na kivuli wala kitu kingine chochote ila maji machafu. Naye Eufrasia alikuwa ameshaiona tai. Akajitwisha karai, akajifunika uso kwa kitenge, akachomokea kichochoro kile kile kwa upande wa pili, akijua mtu mwenye wageni hawezi kupita kwenye uchafu kama ule. Walikutana katikati, baina ya kuta mbili.

Wote wawili waligeuka nyuma kwa wakati mmoja. Wadenishi wakabanana, mmoja akakanyaga majini. "Yule mama ana nini?" Inga akauliza kwa Kiingereza. "Amefiwa," akasema Nyamhanga, kwa sababu mtu akizoea kutunga, uongo humtoka wenyewe hata kabla hajauita. Inga akavua kofia.

Sasa ona hesabu ya waungwana wawili. Nyamhanga akawaza: mama ameshaniona huku, atakimbilia Nyasho kwa dada yake, basi mimi niende zangu Mwigobero. Eufrasia akawaza: mkwe wangu ameaibika, Mwigobero hatakwenda tena, atawapeleka wageni sokoni Nyasho, basi mimi nirudi zangu Mwigobero. Wangekuwa watu wasio na adabu wasingeonana siku ile hata mara moja. Lakini kila mmoja alimfikiria mwenzake kwa moyo wote, na kwa hiyo walipofika mwaloni Mwigobero walifika pamoja.

Safari hii hapakuwa na kichochoro. Mbele kulikuwa na ziwa, kushoto malori ya kiwanda, kulia turubai la mtu anayeuza nyavu. Eufrasia alitua karai akajibanza nyuma ya turubai. Nyamhanga akageuka haraka, akawapa wageni mgongo, akaanza kuyasifia malori.

"Bwana Nyamhanga," akasema Inga, na sasa sauti yake ilikuwa ya mwalimu aliyemshika mtoto, "huyo mama hajafiwa. Anakukimbia wewe. Umemfanya nini?"

Wadenishi wote wakamtazama. Hawakutaka tena kuona ziwa wala mitumbwi. Walimtazama yule mzee mwenye tai kama mtu aliyempiga mama wa watu. Nyuma yao Masatu alikuwa amekunja mikono, na usoni pake Nyamhanga alimwona Keraryo amefunga tai mpya. Akaiona na mihogo ya Buswahili, matuta kwa matuta. Aliona aibu, aliona hasira, na juu ya yote aliogopa. Njia nyingine ya kupita haikuwepo, akasema ukweli.

"Ni mama wa mke wangu," akasema. "Namheshimu sana. Kwetu ukimheshimu mtu hivyo, humtazami."

Kisha Inga akauliza, kwa sauti ndogo, je, na yeye anakimbia kwa sababu hiyo hiyo? Nyamhanga akasema ndiyo. Je, kwa miaka mingapi? Tangu alipooa. Mzee mmoja mwenye soksi ndefu akasema kwamba kwao Denmark yeye na mama mkwe wake walitazamana kila Krismasi na haikusaidia kitu. Wakacheka, mioyo ikafunguka, na kamera zikatoka kwenye mifuko.

Kilichofuata kiliongelewa Musoma mwezi mzima. Wageni walitaka kuongea na Eufrasia, na mkalimani ni mmoja tu. Basi Eufrasia alikaa upande mmoja wa turubai akakaanga, Nyamhanga akasimama upande wa pili amempa mgongo, akitafsiri kwa kupaza sauti kuelekea ziwani.

"Mgeni anasema samaki huyu wanamnunua kwao," akatafsiri, "lakini hajawahi kuona mifupa yake."

"Ahaa," Eufrasia akajibu kutoka nyuma ya turubai. "Kumbe minofu inafikaga kwao? Waambie na mifupa imefika hapa salama."

Walikula karai zima. Masatu naye alikula, akilamba vidole na kufikiri.

Jumatatu alimwita Nyamhanga. "Kazi umepata," akasema. "Kosa lako lilikuwa kuficha, na dawa yake umeiona mwenyewe. Kuanzia sasa kila Jumamosi utatembeza wageni, na saa nne mtakutana na mama kichochoroni, mnakimbiana, halafu mnamalizia mwaloni kwenye turubai."

"Bosi, hiyo ni heshima. Haiuzwi."

"Nani kasema tunauza? Tunaonyesha tu. Ukitaka nimuite Keraryo, mimi namuita, lakini huyo hajaoa."

Nyamhanga alirudi nyumbani akidhani ataokolewa na mkwe wake. Petronila akatumwa Nyasho, na safari hii alichelewa kurudi. "Mama amekubali," akasema, macho yakiwa chini. "Anasema si ni kukimbia tu, mbona mkwe anamkimbiaga bure miaka yote. Anataka turubai lake mwenyewe na karai kubwa." Kisha akainua macho. "Baba Kasmiri, wewe umeonaje?"

Nyamhanga aliwaza kaka yake na jembe. "Jumamosi ni siku moja tu katika wiki," akasema.

Basi wakawa wanakimbiana. Mwanzoni walikimbiana kwa uchungu wa kweli, na Nyamhanga kila akimaliza alikaa peke yake kwenye kivuli cha malori, akajifuta jasho, akajisikia vibaya kama mtu aliyetania msibani. Lakini kazi ina mambo yake. Mafuta yalimwagika kwa sababu Eufrasia hakujua wageni watatokea kona ipi. Ikabidi wapange. Walipanga kwa kinywa cha Petronila, aliyekuwa akienda na kurudi Nyasho mara mbili kwa siku, mpaka akasema amechoka kuwa simu. Wakapangia kwenye turubai, mmoja huku, mwingine kule. Upepo wa ziwa ukawa unapeleka maneno upande mwingine, wakasogea kwenye upindo wa turubai, pale ambapo ukinyoosha shingo kidogo unaona nusu ya uso wa mwenzako. Nusu ya uso si uso, alijiambia Nyamhanga.

Masatu naye alikuwa mkali. "Jumamosi iliyopita mmekimbia kivivu," aliwagombeza. "Waholanzi wameniuliza kama mmegombana. Mama, kile kitenge kifunike uso mapema. Na wewe shtuka, Nyamhanga! Unamkuta mkwe wako, siyo nesi." Ikabidi wafanye mazoezi, na mazoezi ya kutotazamana hayafanyiki bila kutazamana.

Siku moja wageni walichelewa. Gari lao lilipasuka tairi njiani kutoka Bunda, na habari ikaja kwamba wasubiriwe. Jua lilikuwa kali, na chini ya turubai palikuwa na ubao mmoja tu wa kukalia. Eufrasia alikaa mwisho wa ubao. Nyamhanga alisimama juani mpaka kisogo kikamuuma.

"Kaa, mkwe," akasema Eufrasia. "Utaanguka uje uniletee kesi."

Akakaa mwisho wa pili. Mapanki yalikuwa yanapoa, na ni dhambi kuacha chakula kipoe. Eufrasia akasukuma sahani katikati ya ubao. Wakala, mmoja akichambua upande huu wa kichwa, mwingine upande ule, wakizungumza bei ya mafuta na ujinga wa Masatu. Eufrasia alikuwa mcheshi kuliko Nyamhanga alivyowahi kudhani. Miaka yote hiyo hakujua. Alicheka mpaka mfupa ukamtoka mdomoni.

Hapo ndipo Petronila alipotokea, ameshika fungu la vitunguu alivyomletea mama yake. Alisimama. Akamwona mume wake anacheka na mama yake, ubao mmoja, sahani moja, vidole vya wote wawili vinang'aa mafuta yale yale. Akajifunika uso kwa kitenge, na huyu hakuwa anafanya mazoezi.

Nyamhanga aliruka juu kama aliyeungua. Sahani ikadondoka.

"Wageni wamefika?" akauliza Eufrasia, akiangaza barabarani.

"Bado," akasema Nyamhanga.

"Sasa unakimbia nini?"

Nyamhanga alimtazama mkewe, akamtazama mama mkwe, moja kwa moja usoni, kama unavyotazama watu wengine. Aliona aibu kubwa, kisha akaona kwamba aibu yenyewe inapungua haraka, na hilo likamwogopesha zaidi.

Akakaa.

Petronila akaviweka vitunguu chini, mbali na ubao, pale ambapo mkono wake usingegusana na wa yeyote. Kisha akaingia kwenye majani ya kando ya njia, uso pembeni, akapita mpaka wakamkosa machoni.